Sebule Yenye Usukani

Mstaafu wa Arizona mwenye gari-nyumba la mwaka 1990 ana jiko, bafu, friji na kitanda cha watu wawili. Asichokuwa nacho ni ubaridi kwenye usukani. Kiyoyozi cha dashibodi kimekata roho, na sasa mheshimiwa anakatiza jangwa la Julai akiwa nyuma ya kioo kipana kama cha duka la samani, akijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Fundi hana haraka. Kompresa imekwama, mipira inavuja, na mfumo mzima ulijengwa kwa gesi ya R-12, ile inayotoboa tabaka la ozoni, ambayo Marekani iliacha kuitengeneza mwishoni mwa 1995. Kuhamia gesi mbadala ya R-134a kunataka mafuta mengine ya kompresa, kikausha unyevu kipya, na mfuko usio na woga.

Basi mzee anakata shauri: jenereta iwashwe, kiyoyozi cha paa kipulize. Na kweli kinapoza. Kinapoza kitanda, ambacho hakina mtu. Baridi ikifika kwa dereva imeshachoka safari, na jenereta inakunywa petroli kutoka tangi lile lile la injini. Lakini usimwambie kuwa anapoteza pesa. Atakujibu kwamba ameokoa gharama za fundi.

Kama ni mpira mmoja unaovuja, badilisha. Kama ni kompresa, kondensa na gesi ya kale kwa pamoja, acha: safiri alfajiri, mchana ulale.