Safari ya siku moja

Shemeji yangu wa Nairobi amenialika safari ya siku moja: kuondoka alfajiri, kilomita kama 160 za lami hadi Nakuru, kuona heroe wa ziwani, vifaru na nyati, kisha jioni kurudi kulala nyumbani. Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Sisi wa Kabambare, huku mashariki mwa Kongo, siku za mvua, siku moja hutufikisha kwenye tope la kwanza tu. Lakini tusijidharau. Ndege wa majini tunao: njia ya Kasongo ina mashimo yaliyojaa maji, na bata wa jirani wanaogelea humo bila kulipa kiingilio. Shimo moja limenenepa hata wenye pikipiki wanalizunguka kwa heshima, kama kaburi la chifu. Ukitumbukia, watoto wapo, watakueleza kina chake.

Wanyama wakubwa? Hifadhi ya Luama ipo. Kwenye ramani imepakwa kijani safi kabisa. Ila tembo wetu walitutangulia kusafiri. Enzi za mfanyabiashara wa pembe Tippu Tip, karne ya 19, pembe zao zilipita hapahapa mabegani mwa watu, zikaenda Ujiji, Zanzibar, hadi Ulaya na Marekani, zikawa vibonye vya piano na mipira ya biliadi. Hakuna hata moja iliyorudi.

Shemeji, karibu kwetu pia. Chukua viatu vya mpira, na kwa ile siku moja uombe likizo ya wiki mbili.