Sifa za Risiti

Katika safari ya kikazi anayeaminika ni mmoja tu, naye si mtu: ni risiti. Dereva alishuhudia ukilipia mafuta Morogoro, mwenzako alikuwa meza moja nawe Dodoma, mwenye hoteli anakujua kwa jina. Wote hao mbele ya mhasibu ni wapita njia. Kijikaratasi cha upana wa vidole vitatu kikisema ulikula wali kuku, ulikula. Kisiposema, ulifunga.

Nasaba yake si ya kubezwa. Babu yake ni kile kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, kilichoandikwa na mhudumu wa gesti aliyekuuliza kwa adabu, kalamu ikiwa hewani: “Niandike ngapi, bosi?” Zama hizo za ukarimu zilianza kuyoyoma mwaka 2010, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipoleta mashine za kielektroniki za risiti, yaani EFD. Risiti ya leo huzaliwa na tarehe, saa na namba ya mlipakodi, wala haimuulizi bosi anataka ngapi. Wapo wanaoiona hiyo ni kasoro. Mimi nasema imelelewa vizuri.

Na afya ya msafiri, nani anaijali kama risiti? Bodaboda hana risiti, kwa hiyo unatoka stendi kwa miguu, begi mgongoni, jasho likikutakasa. Mama ntilie, ambaye maharage yake hayana mpinzani mji mzima, naye hana. Basi unakula kwenye mgahawa wenye mashine, kwa bei ya kukutia adabu, nyama ngumu ikikufundisha kutafuna taratibu. Usiku, aliyekwenda Zanzibar kutalii kwa fedha zake amelala fofofo, hana la kumwamsha. Wewe umetandaza karatasi kwenye shuka, unazipanga kwa tarehe, unaitafuta ile ya ukumbi. Mazoezi kama hayo ufukweni hayapatikani.

Lakini hakuna kinachonigusa kama unyenyekevu wa risiti. Haina hata tone la wino: ni karatasi iliyopakwa kemikali, joto la mashine likaichora, na jua la kwenye dashibodi likaifuta. Masurufu ya mamilioni yanategemea maandishi yasiyohimili kioo cha gari! Siku ya marejesho mhasibu anaiinua kwenye mwanga, anaigeuza, anavua miwani, anakusukumia: “Hii haina kitu.” Ameonewa nani hapo? Risiti imeondoka kimya kimya, haikudai chochote; mwisho wa mwezi unakatwa mshahara, na makato hayo yamechapwa kwa wino usiofutika.

Kwa hiyo, wewe unayesafiri kesho, itolee kopi siku hiyohiyo, uibane pamoja na yenyewe kwa stepla. Na kopi nayo idai risiti.