Bosco na Mamba wa Masinga

Mto Amboni hunywesha ng'ombe wetu na viazi vyetu hapa Mweiga, lakini haubebi boti. Ni mto wa mawe. Maji yake hushuka hadi Sagana, yakaingia Tana, na huko chini yakatulia nyuma ya bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981. Kwa hiyo rafiki wa Baba Njeri alipopata boti na kutualika tukatembee Masinga kutwa nzima, nyumbani hapakulalika.

Vita vya kwanza vilikuwa vya mbwa wetu, Bosco. Hifadhi ya Aberdare, ambayo makao yake makuu yako papa hapa Mweiga, hairuhusu mbwa, basi kila tukienda kutembea huachwa langoni akilia. Safari hii binti yangu Njeri aligoma. "Mama, akibaki, nami nabaki." Baba yake hakusema kitu. Alikwenda akafungua mlango wa nyuma wa gari.

Tukateremka kupitia Karatina na Sagana, tukiwa na hotpoti ya chapati, sufuria ya mukimo, shemeji na mkewe Mama Ciku. Joto la kule lilituvua masweta kabla hatujashuka. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Shemeji, ambaye ni mkulima, alichovya mkono, akasugua tope kati ya vidole. "Huu udongo ni wetu," akasema. Alisema kweli: mvua huuchukua kutoka mashamba ya milimani, nao hujaa bwawani na kula nafasi ya maji. Iliniuma kuona shamba la mtu limelala pale chini.

Nahodha alitukabidhi majaketi ya kuokolea maisha na akakataa kuwasha injini hadi kila mmoja afunge lake. La mbwa halikuwepo. Asubuhi ilikuwa tamu hata hivyo. Upepo ulikuwa mwanana, watoto walihesabu ndege, na Bosco alikaa mbele ameinua pua. Nahodha akatuonyesha mamba ameota jua kwenye mchanga.

Ndipo yangeyange wakaruka. Bosco naye akaruka, akaikumba hotpoti, vyote viwili majini. Nahodha alizima injini papo hapo, pangaboi isimkate. Nilipotazama mchangani, mamba hakuwepo.

Njeri alipiga yowe. Baba Njeri aliukamata mkanda wa shingoni, ukachomoka masikioni, ukabaki mkononi mtupu. Mama Ciku, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alilala kifudifudi ukingoni. "Nishikeni miguu!" Akamdaka Bosco kwa ngozi ya shingo, akamvuta ndani na maji yake yote. Chapati zilielea kidogo, kisha zikazama.

Injini ikakataa kuwaka. Nahodha alivuta kamba hadi jasho likamtiririka. Kasia lilikuwa moja tu, wanaume wakapokezana hadi jua likaanza kuinama, sisi tukigawana mukimo kwa mikono. Njeri hakumwachilia Bosco mpaka Mweiga.

Msomaji, ukialikwa Masinga, nenda, ni pazuri. Ila uliza kwanza majaketi na makasia ni mangapi, na mbwa mfunge kamba kabla boti haijaacha ufuko. Mamba wako pale.