Sifa za Bampa la Winchi

Watu wamesifia farasi, majemadari, hata kachumbari. Bampa la winchi lililochomelewa uani, hapa Kibaha, halijapata msifiaji. Dhuluma hiyo naiondoa leo.

Ni bati la milimita 6 lililokunjwa kwa nyundo na ubishi, likafungwa kwenye chesi ya One Ten yangu. Limeinamisha pua ya gari, kwa unyenyekevu. Limeziba nusu ya rejeta, injini isipate mafua. Nikipita gizani hunigonga ugoko, nikahakikisha kwamba bado nina miguu. Tena limekuza ujirani: fundi akigusisha kijiti, taa za nyumba ya pili zinafifia, na wenye televisheni wanakuja kunijulia hali.

Lakini sifa yake kuu ni elimu. Mashimo manne ya kufungia winchi kama yangu yana kipimo kinachojulikana duniani: milimita 254 kwa 114.3. Fundi alikitazama akacheka. "Bosi, hizo pointi mbwembwe tu." Akatoboa 110, namba ya heshima, na jina la gari lenyewe. Bolti mbili zikaingia, mbili zikabaki zikichungulia. Ndipo nikakabidhiwa tupa ya mviringo. Milimita ya kwanza ilinipa cheti, ya pili stashahada, ya tatu shahada. Ya nne ilinipa malengelenge, na ule ushei uliobaki ndio uprofesa wangu, pamoja na matusi ya Kizaramo ambayo sikujua kama ninayo. Chuo gani kinafundisha hivyo bila ada?

Winchi yenyewe imeandikwa pauni 9,500, yaani kilo 4,300 na kidogo. Nguvu hiyo yote huipata mzigo ukiwa mbali, waya ukiwa umebaki tabaka la chini tu kwenye ngoma. Mzigo ukisogea, nguvu zinapungua. Wagombea wa namna hiyo tunao.

Na kazi ya kuvuta haikosi. Masika yakishika, huko ndani Kisarawe, ukishaiacha lami, bampa hili limevuta kirikuu za mihogo, limemvuta mwalimu na pikipiki yake, limevuta Noah iliyokuwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa, na mumewe akiisukuma huku analia. Hapo sioni cha kuchekesha. Mtu hazaliwi kwa winchi! Greda la kuichonga barabara tunalijua: huja mgeni rasmi akitarajiwa kesho yake, na huondoka naye. Ukiuliza, unaambiwa upembuzi yakinifu unaendelea.

Juzi alikwama mheshimiwa mmoja mwenye dhamana ya barabara hizo hizo, matope hadi mlangoni. Nikamvuta. Alishuka, akanipa mkono, akainama kulikagua bampa kwa makini, akalipiga picha mbele na ubavuni. Kisha akaomba namba ya fundi: magari yote ya ofisi yanahitaji kama hilo, na fungu lipo.