Moshi wa Amplifaya

Siku za kuelekea Idi, Mjomba aliingia uani na bajaji iliyojaa: amplifaya nzito ya Kijapani na spika mbili za boksi la mbao, vyote mtumba. Bibi ana kaseti zake za taarabu alizozitunza tangu ujanani, na Mjomba alikuwa amemwahidi kwamba Idi hii atazisikiliza kwa sauti ya kushiba.

Bibi akavaa miwani, akachagua kaseti, akaitia kwenye deki yake, akaketi. Mjomba akachomeka waya ukutani. Amplifaya ikanguruma, na kabla kaseti haijaanza kuzunguka, moshi ukafuka kwenye matundu ya juu. Shangazi akakimbilia meni swichi, watoto wakatolewa nje, pilau ikaungulia jikoni.

Kesho yake alikuja fundi redio wa mtaani. Aliigeuza mashine akatusomea kibati cha nyuma: AC 100V. Huo ndio umeme wa majumbani Japani; wetu Tanzania ni volti 230. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la kule huhitaji transfoma ya kushusha umeme, isipokuwa iwe na swichi ya kuchagua volti. Kisha akachomoa fyuzi. Ilikuwa imekatika zamani, na mtu ameizungushia nyuzi za shaba zilizochunwa kwenye waya. Fyuzi nzima ingekatika mara moja na kuinusuru mashine. Ile shaba iliuachia umeme upite mpaka transfoma ya ndani ikaungua. Aliyeifunga alijua alichokifanya, na wakati wa kuuziwa hatukuambiwa neno.

Spika nazo zilikuwa na lao. Fundi alivua kitambaa cha mbele: sponji inayozunguka koni ilikuwa imeoza, ukiigusa inabaki unga mweusi kidoleni. Akaisukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, ameinamisha sikio. Haikukwaruza. Hiyo ni dalili kwamba koili haijaungua, kwa hiyo ziligundishwa sponji mpya na spika zikapona.

Mgogoro ukaja juu ya ile amplifaya mfu. Jirani mmoja aliitamani kwa umbo lake, na Mjomba, kwa uchungu wa pesa zake, akawa tayari kumuuzia kimya kimya. Habari zikamfikia Bibi, akamwita mbele yetu sote.

“Mwanangu, moshi ulioingia nyumbani kwangu hutaupeleka kwa mwenzio.”

“Nimekusikia, mama.”

Akaenda mwenyewe kumweleza jirani kila kitu. Jirani akashukuru, hakununua. Fundi ndiye aliyeichukua kwa bei ya vipuri, na gharama ya sponji ikakatwa humo humo.

Mimi nasimama na Bibi. Biashara ya mtumba imezifikishia nyumba za kawaida mashine ambazo zikiwa mpya hazishikiki kwa bei. Lakini inategemea uaminifu, na uaminifu huo ni muuzaji kutaja kasoro kabla ya kutaja bei. Nawe mnunuzi, soma kibati cha nyuma, omba uonyeshwe fyuzi, vua kitambaa cha spika, na usitoe pesa kabla mashine haijapiga muziki mbele yako. Muuzaji akikataa, mwachie mali yake.