Kosa la Mwisho Mwema

Hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, mshindi wa Tuzo ya Caine ya 2007, ndiyo iliyozaa filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu. Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa mahasimu, wanapendana kwa pupa, wanakoseana, na bado wanapendeka. Aprili 2018 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Kwa maelezo ya Kahiu, mwisho wake ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Majuto yangevumilika. Septemba, Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku 7, na watazamaji wakafurika ukumbi wa sinema wa Prestige, Barabara ya Ngong, Nairobi. Tangazo kama la marufuku hiyo hugharimu mamilioni. Bodi ililitoa bure.