Kutakasa Maji kwa Jua na Unga Mweupe: Mwongozo kwa Wasioshtuka Haraka

Utahitaji unga wa titaniamu dioksidi, ule ule unaoipa weupe rangi ya ukutani na dawa ya meno, bilauri ya maji machafu, jua, na wageni wa kutazama. Wageni ndio muhimu kuliko vyote.

Anza kwa kutaja Wajapani. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda walieleza katika jarida la Nature jinsi titaniamu dioksidi, ikipigwa na mwanga, inavyosaidia kupasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Usiongeze kwamba hawakuwa wakisafisha maji ya mtu yeyote.

Kisha eleza sayansi, kwa kuwa hapo huhitaji kudanganya. Mwanga ukiigonga chembe ya unga, elektroni huruka na kuacha tundu. Tundu hilo huyanyang'anya maji elektroni, na hapo huzaliwa radikali ya haidroksili, ambayo hutafuna karibu kila kitu chenye asili ya kaboni kinachoikaribia: dawa za wadudu, mabaki ya viuavijasumu, rangi za viwanda vya nguo.

Sasa chagua uchafu, na hapa uwe mwangalifu mno. Usichote Mto Msimbazi. Maji ya mto yana tope linalozuia mwanga, na bikaboneti inayozimeza radikali kabla hazijaufikia uchafu wenyewe. Chukua maji yaliyokenekwa, uyadondoshee methilini buluu. Rangi hii ina fadhila adimu: hunyonya mwanga yenyewe, hivyo hupauka hata unga ukiwa goigoi. Buluu ikitoweka, makofi yatapigwa. Asialikwe mwenye kipimo cha jumla ya kaboni ogania, maana atataka kujua kama molekuli zimeisha kabisa au zimekatwakatwa tu kuwa vipande visivyo na rangi, ambavyo vingine huweza kuwa na sumu kali kuliko mama yao.

Jisifie jua la ikweta. Nyamaza kuhusu hili: unga wa kawaida huamshwa na urujuanimno tu, ambao ni kama asilimia 5 ya nishati ya jua.

Akija mtu wa Arusha na maji yake yenye floraidi, mwahirishe. Floraidi haina kaboni ya kutafunwa, na radikali haziigusi. Mkaa wa mifupa huinasa vizuri zaidi.

Mwisho, unga utatokaje majini? Chembe zake ni za nanomita ishirini na kitu, zinapenya kwenye kitambaa bila hata kukishukuru. Ukizigandisha kwenye kioo hazipotei, ila kazi hupungua kasi. Umoja wa Ulaya uliuondoa unga huu kwenye orodha ya viongezwa vya chakula mwaka 2022, kwa hiyo mgeni rasmi ndiye anywe kwanza.

Wapo wasiofanya mzaha. Huko Almería, Hispania, watafiti wamejaribu kwa miaka mingi mitambo ya vioo vinavyokusanya jua. Mbinu hii inafaa zaidi kumalizia mabaki sugu katika maji yaliyokwisha kuchujwa na kutibiwa. Kwa vijidudu vya nyumbani, maji maangavu kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, saa 6 juani au siku 2 kukiwa na mawingu, hayahitaji unga wowote.

Ukiombwa kuchangia mradi wa namna hii, uliza kwanza maji ya majaribio yalichotwa wapi.